Mashudu gani ununue kwa broila: soya, alizeti, karanga au pamba?

Kundi langu la kwanza hapa Tabora liliniponza kwa gunia moja la soya. Ilikuwa imesagwa vizuri, bei nafuu, nami sikuuliza kama ilikaangwa. Kufika wiki ya tatu vifaranga walikuwa wamepishana kimo kama si wa siku moja, na maranda yamelowa kwa mavi ya majimaji. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo la kuku kumeng'enya protini: anakula, hakui.

Hata hivyo, namba moja bado ni soya. Mashudu yake, yaani masalia ya kukamua mafuta, yana protini asilimia 44 hadi 48 na laisini nyingi, kijenzi cha protini ndicho kinachojaza kidari. Methionini, kijenzi kingine, ndiyo haba, hivyo utainunua kando. Ukipata soya nzima, kaanga mwenyewe, ukikoroga bila kuacha, hadi iwe rangi ya dhahabu. Itafune punje: ikikupa ladha ya maharage mabichi, irudishe jikoni.

Namba mbili ni alizeti, inayopatikana kirahisi kwa kuwa jirani zetu Singida wanailima kwa wingi. Shida ni maganda. Yakiwa mengi, protini hushuka na kuku hujaza tumbo kwa makapi. Chukua kiganja, sugua: ukiona vipande vyeusi vinavyochoma, hayo mpe ng'ombe. Mimi kwenye stata (chakula cha vifaranga) naweka kidogo sana, kwenye finisha (chakula cha kumalizia) naongeza. Nunua ya wiki mbili tu, maana mashudu ya mashine ndogo hubaki na mafuta na huchacha upesi kwenye joto letu.

Karanga naiweka ya tatu, ingawa Urambo tunailima, na hapo Waingereza waliwahi kuleta mradi wao mkubwa wa karanga uliowashinda. Protini yake inakaribia ya soya, ila laisini ni ndogo, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, inaua vifaranga na kuharibu ini. Yakinuka uvundo hata kidogo, acha, hata ukipunguziwa bei.

Pamba ya Igunga na Nzega ni ya mwisho. Gosipoli, sumu ya asili ya mbegu zake, huifunga laisini na kudumaza kuku. Mashudu ya mise (kokwa za michikichi) ya Kigoma nayo ni makavu, yana nyuzi nyingi na protini chini ya asilimia 20. Kwa nguruwe sawa, kwa broila unapoteza wiki.

Kabla hujalipa, tia konzi moja ya mashudu kwenye glasi ya maji. Mchanga utazama. Mara mbili nimeacha gunia palepale dukani.