PuckPedia na hesabu ya kumhamisha nyota aliyeumia

Uvumi ukitoka kwamba timu ya NHL, ligi ya magongo ya barafuni ya Amerika Kaskazini, inataka kumpeleka kwingine nyota wake aliye majeruhi, swali la kwanza ni kama hesabu ya mishahara inakubali. Kwa sasa hakuna tovuti ya umma inayolijibu swali hilo vizuri kuliko PuckPedia. Tovuti ya CapFriendly, iliyokuwa kimbilio la wengi, ilinunuliwa na timu ya Washington Capitals mwaka 2024 na Julai mwaka huohuo ikafungiwa umma. CapGeek, nyingine ya aina hiyo, ilifungwa mwaka 2015. PuckPedia imeziba pengo hilo, na kwa mikataba ya majeruhi imeliziba vizuri, mradi ujue kusoma namba zake.

Kwa waliozoea soka: huku hakuna ada ya uhamisho. Timu hubadilishana wachezaji, haki za wachezaji na chaguo za drafti (zamu za kuchagua vijana wapya), na kila upande lazima ubaki chini ya kikomo cha mishahara, ambacho msimu wa 2025-26 ni dola milioni 95.5. Kinachohesabiwa kwenye kikomo ni wastani wa mkataba kwa mwaka. Fedha anazopokea mchezaji mwaka huo ni hesabu nyingine, na ndiyo maana ukurasa wa mchezaji ndio wa kufungua kwanza, kabla ya ukurasa wa timu.

Humo kila msimu una mstari wake: wastani, mshahara wa msingi, bonasi ya kusaini, na kipengele cha kuzuia kuhamishwa. Mfano mzuri ni Carey Price. Kipa huyu hajacheza tangu Aprili 2022 kwa sababu ya goti, na wastani wake ni dola milioni 10.5. Ukiishia hapo, utashangaa San Jose ilimchukua kwa nini Septemba 2025. Soma safu mbili zinazofuata: kati ya fedha za mwaka wa mwisho wa mkataba, bonasi ya milioni 5.5 ililipwa na Montreal, timu yake, Septemba 1, ukabaki mshahara wa msingi wa milioni 2. Uhamisho ulifanyika siku chache baadaye. San Jose, yenye nafasi tele kwenye kikomo, ikabeba milioni 10.5 za hesabu kwa milioni 2 za fedha taslimu, ikapata na chaguo la raundi ya tano. Ukiwa na nyota majeruhi wa kumfuatilia, tazama tarehe ya bonasi yake kwanza. Mara nyingi tarehe ya uhamisho imejificha hapo.

Sehemu inayowachanganya wengi ni LTIR, orodha ya majeruhi wa muda mrefu. Kuingia humo kunahitaji mchezaji atarajiwe kukosa angalau mechi 10 na siku 24. Kosa linalorudiwa kila msimu ni kudhani kwamba mshahara wake unafutwa. Haufutwi. Timu inaruhusiwa tu kuvuka kikomo kwa kiasi cha wastani wake, ukiondoa nafasi iliyokuwa wazi siku alipowekwa. Tuseme timu imejaza milioni 95.2, nyota wa milioni 10 akiwa ndani, naye hatarajiwi kurudi tena msimu huo. Nafasi iliyo wazi ni 0.3, kwa hiyo nafuu ni milioni 9.7. Ndiyo maana timu makini hujaza kikosi hadi ukingoni kabisa kabla ya kumweka mtu LTIR: kila dola iliyoachwa wazi siku hiyo inapotea kwenye nafuu.

Hasara nyingine haionekani upesi. Kikomo huhesabiwa kwa siku, hivyo timu isiyotumia LTIR hujiwekea akiba: milioni 1 iliyotunzwa tangu siku ya kwanza inaweza kubeba mchezaji wa karibu milioni 4 ikibaki robo ya msimu. Timu iliyo ndani ya LTIR hailimbikizi chochote. Ukisoma ukurasa wa timu kwenye PuckPedia, angalia kwanza kama inatumia LTIR, ndipo uiamini namba ya nafasi iliyobaki. Timu mbili zinaweza kuonyesha namba moja na kuwa na uwezo tofauti kabisa ifikapo Machi, mwisho wa msimu ukikaribia.

Kifaa chao cha kujenga kikosi, PuckGM, ndicho cha kujaribia. Chagua timu, toa na ingiza wachezaji, weka asilimia ya mshahara inayobakizwa na timu inayomtoa, kisha soma kilichobaki. Usizidishe asilimia 50 kwa mkataba mmoja, na kumbuka timu hairuhusiwi kubeba zaidi ya mikataba mitatu ya namna hiyo kwa wakati mmoja. Ule ujanja wa kumpitisha nyota wa milioni 10 kwenye timu ya tatu, kila moja ikibakiza nusu, ili afike kwa milioni 2.5 sasa umebanwa: tangu 2025-26, kubakiza mara ya pili kunahitaji siku 75 za msimu wa kawaida zipite baada ya mara ya kwanza.

Pima chombo hiki kwa uhamisho wa Jack Eichel. Novemba 4, 2021 Buffalo ilimpeleka Vegas na kupokea Alex Tuch, Peyton Krebs, chaguo la raundi ya kwanza na la pili, yote mawili yakiwa na masharti. Eichel alikuwa na wastani wa milioni 10, Tuch 4.75, na kikomo kilikuwa 81.5. Siku ile hesabu haikuiumiza Vegas, kwani Eichel na Tuch wote walikuwa majeruhi. Deni lilikuja kudaiwa Februari, Eichel alipopona: Mark Stone, wa milioni 9.5, akaenda LTIR kwa maumivu ya mgongo ndipo Eichel akaingia uwanjani tarehe 16. Ukijaribu uhamisho wa aina hii, tengeneza vikosi viwili, cha siku ya uhamisho na cha siku atakayorudi. Cha pili ndicho kinachoamua.

Kilichochelewesha uhamisho ule kwa miezi hakimo kwenye jedwali lolote. Eichel alitaka diski bandia shingoni, Buffalo ikataka pingili ziunganishwe, na mkataba wa wachezaji na ligi uliipa timu neno la mwisho. Vegas ilikubali diski. PuckPedia haiwezi kukupa faili la daktari, wala orodha ya timu ambazo mchezaji amezikataa. Itaonyesha tu kwamba kipengele kipo na kinahusu timu ngapi. Usikidharau. Machi 2022 ligi ilibatilisha uhamisho wa Evgenii Dadonov kutoka Vegas kwenda Anaheim kwa sababu ya orodha yake.

Kuna hesabu mbili mpya za kufanya kwa kalamu kabla hujauamini uvumi wowote. Nyota akitarajiwa kurudi msimu huohuo, nafuu ya LTIR sasa haizidi wastani wa mshahara wa ligi wa msimu uliotangulia, karibu milioni 3.8 kwa 2025-26. Nafuu kamili hupatikana akiwa nje msimu wote na mchujo wote, yaani mechi za kuwania ubingwa baada ya msimu wa kawaida. Na kwenye mchujo wenyewe, wachezaji 20 wanaovaa jezi kila mechi lazima watoshe chini ya kikomo. Alichofanya Nikita Kucherov mwaka 2021, kukosa msimu wa kawaida mzima kisha kurudi mechi ya kwanza ya mchujo, leo kingehitaji mwenzake wa mshahara mkubwa akae jukwaani.