TAHADHARI: Vifungio vya madirisha ya kuteleza vinavyouzwa mtandaoni kwa jina la stenlesi

Ndugu zangu, hasa mnaoishi katika nyumba zenye madirisha na milango ya aluminiamu ya kuteleza hapa Dar es Salaam, naomba msome haya kabla hamjatuma fedha kwa muuzaji anayetangaza Instagram na WhatsApp vile vifungio vidogo vinavyobana reli ili dirisha lisisukumwe kutoka nje.

Nilinunua 12 kwa shilingi 15,000 kila kimoja, jumla 180,000, nikalipa kwa simu kabla ya mzigo kufika, kwa sababu tangazo liliahidi kwamba ni stenlesi tupu (chuma kisichoshika kutu), kwamba kila kimoja kina ufunguo wake, na kwamba asiyeridhika hurudishiwa fedha ndani ya mwezi mmoja. Hakuna ahadi hata moja iliyokuwa ya kweli.

Kilichonishawishi ni video. Muuzaji anagusisha sumaku kwenye kifungio, sumaku hainasi, naye anasema huo ndio uthibitisho wa stenlesi. Ni kweli kwamba aina nyingi za stenlesi hazinaswi na sumaku, lakini zinki na aluminiamu nazo hazinaswi, kwa hiyo jaribio lile halithibitishi chochote. Fundi wangu alipokwangua kwa tupa upande wa chini, kromu ilibanduka kama ganda la yai na ndani ikaonekana zinki ya kijivu. Upepo wa chumvi ulifanya kazi yake: baada ya miezi minne vifungio vya upande wa baharini vilikuwa vimevimba malengelenge, na kimoja kilikatika nilipokuwa nakikaza.

Hata hivyo, ufunguo ndio ulionikosesha usingizi. Jirani yangu, aliyenunua kwa muuzaji huyohuyo, alipoteza ufunguo wake akaja kuazima wangu ili ajaribu tu. Ulifungua. Tukachukua ufunguo wa kifungio chake kingine, nao ukafungua vifungio vyangu vyote. Wengi wetu hufunga dirisha huku tukiacha upenyo wa kupitisha hewa usiku. Mtu akipasua wavu wa mbu na kupitisha mkono kati ya nondo, anachohitaji ni ufunguo ambao ameuziwa kila mteja.

Tena havibani. Nilisukuma dirisha la chumba cha watoto, ambalo liko ghorofani, kwa mkono mmoja, na kifungio kikateleza pamoja nalo. Nilipomwandikia muuzaji alinijibu kwamba fundi ndiye aliyekosea, na nilipomtumia picha alinifungia mawasiliano.

Anayehitaji vifungio hivi amwombe fundi wa aluminiamu kipande cha reli kilichobaki, aende nacho dukani, akibane kifungio pale pale na kukisukuma kwa nguvu zake zote. Afungue paketi mbili na kujaribu ufunguo wa moja kwenye nyingine, kisha adai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi). Mimi kwa sasa nimelaza kijiti cha mninga kilichokatwa sawasawa na nafasi ndani ya reli ya chini, na fundi ameongeza kipande kingine kwenye reli ya juu, kwa kuwa dirisha la aina hii huingizwa kwa kuinuliwa na huweza kutolewa kwa njia hiyohiyo. Kijiti hicho kinazuia kuliko vifungio vyote 12.

Nimetoa taarifa polisi na kupewa RB (namba ya kumbukumbu ya taarifa), na ujumbe wa muuzaji pamoja na namba yake nimeutuma kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Akaunti imekwisha kubadilisha jina, ila video ya sumaku ni ileile, kwa hiyo mtaitambua kwa hiyo. Aliyekwisha kununua asisubiri kutu: avitoe leo kwenye madirisha ya watoto na yale yanayofikika kutoka nje.