Kenku wa Dungeons & Dragons: kunguru aliyenyang'anywa mabawa

Kunguru hafugiki, lakini waliomtunga kenku, kiumbe wa mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, wamejaribu. Ana mwili wa mtu na kichwa cha kunguru, na asili yake ni tengu wa ngano za Kijapani. Tengu huruka, huvaa kama yamabushi, watawa wa milimani, na husimuliwa kuwa ndiye aliyemfundisha shujaa wa vita Yoshitsune upanga huko kwenye mlima Kurama. Kenku hana mabawa. Yalikwenda na laana. Mtu aliyezoea kuwaona kunguru wa Kampala wakimfukuza mwewe angani atasikitika, na ana haki.

Katika toleo la 2016 hana hata sauti yake mwenyewe: hutamka tu alichowahi kukisikia. Utamu wote uko hapo, na hapo hapo ndipo meza huharibika, maana mchezaji akitaka kuigiza kila jibu, wenzake wanabaki kupiga miayo. Mpe daftari lenye sauti 12 hivi, kila moja na mahali ilikosikika: kikohozi cha mlinzi, kufuli likifunguka, nahodha akifoka "Fungua lango!" Mazungumzo mengine msimulizi, yaani anayeongoza mchezo, ayaeleze kwa kifupi. (Honi ya bodaboda iacheni Wandegeya, Kampala.)

Toleo la 2022 limemruhusu kusema kama watu. Ni rahisi zaidi, ila limemfanya kasuku wa kawaida. Lililoboreka ni hesabu: ili anayesikiliza agundue kuwa sauti ni ya kuigiza, lazima dadu yake ifikie 8, jumlisha bonasi ya umahiri (2 katika ngazi ya kwanza), jumlisha nyongeza itokanayo na mvuto wako. Mhusika wa ngazi ya kwanza mwenye mvuto 16, yaani nyongeza ya 3, anapata 13. Mlinzi asiye na nyongeza yoyote atamgundua kwa nyuso 8 kati ya 20 za dadu. Ukiupuuza mvuto ukauacha 10, yaani bila nyongeza, anakugundua kwa nyuso 11. Wengi hukimbilia sifa ya wepesi peke yake, kisha wanalaumu kitabu. Chukua hesabu za 2022, ulimi uwe wa 2016.

Sanamu zake ndogo za kuchezea karibu zote hupakwa nyeusi tupu. Kunguru wetu ana kifua cheupe na ukosi mweupe shingoni, na anapendeza zaidi mezani. Anza na nyeusi, upake kijivu kifuani, ndipo nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, matabaka matatu, kila moja likauke kwanza. Nyeupe nzito juu ya nyeusi hufanya mabonge na kufukia manyoya yaliyochongwa.