Kane Chronicles: vitabu vitatu vya miungu ya Misri, na namna ya kumpa mtoto asiviache njiani

Kwa mtoto wa miaka 10 hadi 14 anayesoma Kiingereza bila kubabaika, mfululizo huu wa Rick Riordan ndio ninaoupendekeza mbele ya riwaya nyingine za vijana zilizochota hadithi za Misri ya kale. Sababu yangu ni moja: uchawi wake una kanuni, na nyingi ya kanuni hizo zimetoka Misri yenyewe, kwenye mafunjo na kuta za makaburi. Tatizo ni mlango wake. Kitabu cha kwanza kinakumwagia majina, miji na miungu kwa fujo, na msomaji anayekata tamaa mara nyingi hukatia hapo.

Vitabu vyenyewe ni The Red Pyramid (2010), The Throne of Fire (2011) na The Serpent's Shadow (2012). Visomwe kwa mpangilio huo huo. Cha pili hakirudii kueleza nani ni nani, na anayeanzia katikati atapotea kurasa za mwanzo tu. Cha kwanza ndicho kinene, zaidi ya kurasa 500 katika toleo la jalada gumu. Viwili vinavyofuata ni vyembamba zaidi. Kwa hiyo usikimbilie kununua boksi la vitatu. Nunua cha kwanza peke yake, na mtoto akifika nusu huku bado anauliza maswali, hapo tafuta vilivyobaki.

Wahusika wakuu ni wawili: Carter ana miaka 14, Sadie 12. Ni ndugu wa tumbo moja waliolelewa mbalimbali: kaka anazunguka dunia na baba yao, mtaalamu wa Misri ya kale, na dada anakaa London kwa babu na bibi. Mkesha wa Krismasi baba anawapeleka British Museum, anajaribu kumwita Osiris, mungu wa wafu, kwa kutumia Jiwe la Rosetta, jiwe linapasuka, miungu watano wanatoka, na baba anatoweka. (Mtoto akihuzunika, mwambie jiwe halisi lipo salama. Limekaa katika makumbusho hayo tangu 1802.)

Jambo la kwanza linalowachanganya wasomaji ni sauti. Kitabu kimeandikwa kana kwamba ni rekodi iliyonakiliwa, na ndugu hawa wawili wanapokezana, kwa kawaida sura mbili mbili. Wote wanasema "mimi". Jina la anayesimulia limewekwa pale anapopokea zamu, na mwenye haraka hulipita bila kuliona. Ukisoma kwa simu, hata jina lililo juu ya kurasa za kitabu cha karatasi huwa halipo. Vilevile kuna mabano ya mraba katikati ya aya: hapo mmoja anamjibu mwenzake anayemkatiza nje ya rekodi. Asiyeelezwa hilo mapema hudhani ni makosa ya chapa. Nakala ya kusikiliza inaondoa shida hii yote, kwa sababu ina wasomaji wawili, Kevin R. Free kwa Carter na Katherine Kellgren kwa Sadie. Kwa mtoto anayesoma polepole, kusikiliza huku akifuata kitabuni ndiyo njia ninayoiamini zaidi.

Jambo la pili ni ukoo wa miungu. Chukua nusu karatasi, juu andika Geb (mungu wa ardhi) na Nut (mungu wa kike wa anga), chini yao watoto watano: Osiris, Horus, Set, Isis na Nephthys. Halafu andika Horus mara ya pili, chini ya Osiris na Isis. Wamisri walikuwa na Horus mkubwa na Horus mwana wa Isis, na hapo ndipo vichwa huuma. Anubis mweke chini ya Nephthys. Riwaya inamfanya mwana wa Set. Plutarch, Mgiriki aliyeiandika hadithi hii karne nyingi baadaye, anamfanya mwana wa Osiris. Karatasi hiyo ikae ndani ya kitabu kama alama ya ukurasa.

Saa ya kitabu cha kwanza inaendeshwa na siku tano. Mwaka wa Wamisri ulikuwa na miezi 12 ya siku 30, jumla 360, kisha siku tano za nyongeza. Hadithi inasema Nut alikatazwa kuzaa siku yoyote ya mwaka, basi mungu wa mwezi akashindwa kwenye kamari mpaka ukapatikana mwanga wa siku tano zisizo za mwaka wowote, na humo wakazaliwa wale watano. Riordan amezihamishia siku hizo mwisho wa Desemba. Kwa Wamisri mwaka mpya uliendana na mafuriko ya Mto Nile na kuchomoza kwa nyota ya Sirius, yaani katikati ya mwaka kwa kalenda yetu. Kwa riwaya naikubali hila hiyo, ila mtoto asiipeleke kwenye mtihani wa historia.

Kinachonivutia zaidi ni namna vitu vya makumbusho vinavyopewa kazi. Shabti, vile visanamu vilivyozikwa na maiti ili vimfanyie kazi ahera, humu ni watumishi wa nta na udongo wanaotii amri neno kwa neno, hata pale usipotaka. Fimbo fupi iliyopinda ya Sadie si ya kubuni: makumbusho yanazo za namna hiyo, zilizochongwa kwa meno ya kiboko, za kukinga mama na mtoto. Laana ya kitabu cha tatu ni ibada halisi. Wamisri waliandika majina ya maadui kwenye vyungu na kuvivunja, na dhidi ya Apophis, nyoka adui wa mungu jua, walikuwa na maandiko kamili ya kumtengenezea sanamu ya nta, kumkanyaga, kumchoma. Riwaya inaongeza sharti moja: lazima umpate na kivuli chake, kwa kuwa kwa Wamisri kivuli ni sehemu ya mtu, sawa na jina. Ukilijua hilo, kitabu kizima cha tatu kinaeleweka.

Bora kuliko vyote ni cha pili. Safari ya kumwamsha Ra, mungu jua, inapita katika nyumba kumi na mbili za usiku, na inafuata kwa karibu saa kumi na mbili zilizochorwa kwenye makaburi ya Bonde la Wafalme. Kuna pia mchezo wa senet na mungu wa mwezi, ambao dau lake linaumiza. Senet ni ubao wa vyumba 30, safu tatu za kumi kumi, na badala ya dadu wanarusha vijiti. Sheria zake kamili hazikusalia, kwa hiyo zinazotumika leo zimekisiwa.

Kasoro zipo. Katikati ya kitabu cha kwanza ni mbio tupu, mji baada ya mji, na kila hatari inafungwa kwa mzaha. Set anachorwa mbaya kiasi kwamba mtoto hawezi kujua kuwa ndiye aliyesimama mbele ya jahazi la Ra akimchoma Apophis mkuki. Mfululizo unalifikia jambo hilo kwa kuchelewa. Mapenzi ya cha tatu ni ya kitoto, hayavuki busu, lakini yanakula kurasa.

Wazazi wa dini wataniuliza kuhusu miungu. Nitasema wazi: miungu humu wanaingia ndani ya watu, na watoto wanajifunza uganga wao. Asiyetaka hilo nyumbani kwake asinunue. Kwa anayekubali, kuna mlango mzuri wa mazungumzo, kwa kuwa hata Nabii Musa anatajwa, kama mgeni aliyewashinda waganga wa Firauni.

Kuna pia matoleo matatu ya katuni yaliyochorwa na Orpheus Collar; yanafaa kama utangulizi, ingawa ugomvi mtamu wa ndugu hao umepunguzwa sana. Na kile kitabu cha hadithi tatu fupi, Demigods & Magicians (2016), kinawakutanisha na Percy Jackson na Annabeth, mashujaa wa mfululizo mwingine wa Riordan. Kiachwe mwisho kabisa, na kwa aliyekwisha kumsoma Percy, maana adui wa hadithi ya tatu anatoka moja kwa moja kwenye The Serpent's Shadow na hakuna anayekueleza alifikaje hapo.