Kelele za mtandaoni au barua yenye mhuri: kipi kinamsukuma afisa wa serikali?

Kwa kasi, mtandao unashinda. Picha ya daraja lililobomoka, yenye tarehe, jina la mahali na cheo cha anayehusika, inaweza kumtoa afisa na tamko siku hiyohiyo. Ila tamko si bajeti. Mjadala hufifia baada ya siku chache, naye afisa anayelijua hilo husubiri upepo upite. Kosa kubwa ni kuilaumu "serikali" kwa jumla: asipotajwa mwenye mamlaka, kila ofisi hudhani inasemwa nyingine.

Barua huenda polepole, lakini huacha kumbukumbu. Andika ombi moja tu, taja kanuni inayohusika, weka tarehe ya kujibiwa, ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Bila mhuri huo watasema haikufika. Hata mtandaoni, ombi rasmi lina uzito wake: nchini Uingereza, ombi la mtandaoni kwa bunge likifika sahihi 10,000 serikali hulijibu. Zikifika 100,000 hufikiriwa kujadiliwa.

Kwa pesa, njia zote mbili ni nafuu. Mtandaoni unachohatarisha ni usalama wako.

Nyaya za umeme zimeanguka? Paza sauti mtandaoni. Fidia ya ardhi imecheleweshwa? Anza na barua, na wakikaa kimya chapisha nakala yenye mhuri.