Kuchagua toki konvata ya Chevrolet iliyoongezwa nguvu: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Mwenye Chevrolet ya zamani yenye injini ya V8 ya inchi za ujazo 350, yaani lita 5.7, akishabadilisha kemshafti, yaani shafti inayofungua vali za injini, na kabureta, mara nyingi hukuta gari linanguruma vizuri lakini linaondoka kwa uzito. Chanzo mara nyingi huwa toki konvata, lile duara la chuma lililojaa oili kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, ambalo bado ni la kiwandani na huibana injini kabla haijafika kwenye mizunguko yake yenye nguvu. Mizunguko kwa dakika ambayo injini huweza kufikia huku tabini ya konvata, yaani upande unaoizungusha giaboksi, ikiwa imezuiwa isigeuke huitwa stoli, na ndiyo namba utakayonunulia.

Kwanza tambua giaboksi yako kwa kuhesabu bolti za sampu ya oili. Giaboksi ya aina ya Powerglide ina bolti 14. Turbo 350 ina 13, na sampu yake ni ya mraba uliokatwa pembe moja. Turbo 400 nayo ina 13 lakini umbo lake halina mpangilio. 700R4 ina 16 kwenye sampu ya mstatili. Kisha hesabu meno ya shafti inayoingia kwenye konvata: Turbo 350 ina meno 30, ilhali 700R4 za awali zilikuwa na 27 kabla ya kuhamia 30 katikati ya miaka ya 1980. Usidanganywe na ulingano huo wa meno 30, kwa sababu konvata ya 700R4 ina klachi ya ndani ambayo Turbo 350 ya kawaida haina, na hazibadilishani. Pima pia duara la bolti za fleksipleti, ile sahani nyembamba inayoiunganisha injini na konvata, ambalo huwa la inchi 10.75 au 11.5.

Kwa gari la barabarani linaloonja mashindano mara mojamoja, naiweka ya kwanza konvata inayotengenezwa kwa oda. Fundi anayestahili pesa yako atauliza uzito wa gari, vipimo vya kemshafti, uwiano wa difu na kimo cha matairi kabla ya kutaja bei, asiyeuliza, mwache. Maswali hayo yana sababu: konvata ileile hupanda stoli ikifungwa nyuma ya injini yenye toki (nguvu ya kuzungusha) kubwa zaidi, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi ni makadirio tu. Stoli inayofaa hupita kidogo mizunguko ambayo kemshafti huanza kuvuta, na gari zito lenye difu ya uwiano wa 2.73 halitapona kwa stoli ile inayolifaa jepesi lenye 3.73.

Ya pili ni konvata ya dukani yenye stoli ya wastani, kati ya 2,400 na 2,800, ambayo hutosha kemshafti ya kadiri. Mwenye 700R4 achukue yenye klachi ya ndani, kwa kuwa safarini huondoa mtelezo na kupunguza joto. Ya tatu ni ya kiwandani iliyofanyiwa ukarabati, inayofaa injini isiyoguswa.

Ya mwisho ni ile ndogo ya inchi 8, ya stoli inayopita 4,000. Kwenye mstari wa mashindano ni silaha; kwenye foleni za mji huteleza muda wote, huchemsha oili na kuiua giaboksi mapema. Hata kwa stoli ya wastani, rejeta ya ziada ya oili naihesabu kuwa sehemu ya bei.

Konvata ikifika, ilaze mezani kando ya ya zamani, ulinganishe meno, matundu ya bolti na shingo inayoingia kwenye pampu, kabla haijamiminwa hata tone la oili, kwani iliyokwisha kutiwa oili wauzaji wengi hawairudishi.