Diski kuu iliyokufa: uzoefu wangu wa kutengeneza na wa kubadilisha

Nianze na hukumu: diski kuu yenyewe haitengenezwi ikarudi kuaminika. Kinachotengenezeka ni vinavyoizunguka, yaani kebo, kasha la USB na wakati mwingine ubao wake wa saketi. Nimetumia programu zinazojinadi kuponya sekta mbovu (sekta ni vipande vidogo ambamo diski huhifadhi data), nimetumia ddrescue kunakili diski zinazokata roho, na nimeweka SSD, diski za chipu zisizo na kinachozunguka ndani, mahali pa diski za zamani. Za kwanza simshauri mtu yeyote. ddrescue naipa nyota tano. SSD naipa nne, na nitaeleza hiyo moja imepungua wapi.

Kabla hujaiandikia diski cheti cha kifo, badilisha kebo. Kisha fungua CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha afya ya diski, au kwenye Linux andika smartctl -a na jina la diski, utazame mstari wa C7 (199). Hapo huhesabiwa makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama, na chanzo chake mara nyingi ni kebo ya SATA (ile ya data) iliyolegea au kupinda. Hesabu hiyo kwa kawaida hairudi chini, kwa hiyo usiogope kuiona. Angalia tu kama bado inapanda baada ya kebo mpya. Mistari inayotisha ni 05, C5 na C6 (kwenye smartctl ni 5, 197 na 198). 05 ni sekta ambazo tayari zimehamishiwa kwenye akiba. Zikiwa chache na zimetulia, diski inaweza kuendelea kwa muda. C5 ni sekta zilizokataa kusomeka na zinasubiri kuamuliwa. C6 ni zilizoshindikana diski ilipojikagua. Ukiiona C5, nakili data leo. CrystalDiskInfo huonyesha namba hizo kwa mfumo wa kumi na sita isipokuwa ukiibadilishia mpangilio, hivyo 10 unayoisoma hapo ni 16.

Sasa zile programu za kuponya. Nyingi hulazimisha kuandika juu ya sekta dhaifu, diski nayo huibadilisha kwa sekta ya akiba. C5 inashuka, mtu anafurahi. Lakini kilichokuwa kimeandikwa pale kimefutika, na chanzo, kama ni kichwa cha kusomea kilichochoka au mkwaruzo kwenye sahani inayobeba data, kiko palepale. Amri ya chkdsk /r nayo ni hatari kwa diski inayougua: inaisoma diski nzima, saa baada ya saa, huku ikirekebisha jedwali la faili kwa kutegemea data inayosomeka nusunusu. Wengi hupoteza faili zao hapa, si siku diski ilipoharibika.

Diski ikigonga tak, tak, tak, zima umeme. Vichwa vinaelea nanomita chache tu juu ya sahani, na chembe ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi hiyo. Usiifungue mezani. Usiiweke kwenye friza pia, maana ikitoka itafanya umande juu ya sahani. Kazi hiyo ni ya maabara yenye hewa iliyochujwa na vichwa vya kupandikiza kutoka diski inayolingana. Kama data haistahili gharama hiyo, achana nayo.

Diski iliyo kimya kabisa, isiyozunguka, ndiyo pekee ninayoona inafaa kushikiwa bisibisi. Kwenye diski za inchi 3.5 za nje, kisa cha kawaida ni mtu kuchomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwenye tundu la volti 12. Diodi ya ulinzi kwenye ubao hujitoa mhanga na kufanya shoti. Pima kwa multimita: ikisoma karibu na sifuri pande zote mbili, ing'oe, na mara nyingi diski itazunguka. Kuanzia hapo haina ulinzi, kwa hiyo iwashe kwa chaja sahihi, nakili, basi. Kubadilisha ubao mzima ni jambo jingine: kwenye diski nyingi kuna chipu ndogo ya miguu 8 yenye vipimo vya vichwa vya diski ileile, na lazima ihamishwe kwenye ubao mpya. Kununua ubao wa modeli ileile hakutoshi.

Kwa diski inayosoma kwa kusuasua, ichomeke moja kwa moja kwenye SATA, kwa sababu adapta nyingi za USB huganda zikikutana na sekta mbovu. Washa Linux kutoka flashi, usiifungue diski hiyo kwenye kidhibiti faili, na uweke faili ya ramani, inayorekodi kilichokwisha kunakiliwa, kwenye diski ya tatu. Duru ya kwanza ni ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc ramani.map, inayochukua sehemu zilizo salama na kuziruka zenye matatizo. Ya pili ni ddrescue -f -d -r3 pamoja na majina yaleyale, kurudia zilizobaki mara 3. Chanzo hutangulia, kinachopokea hufuata. Ukizigeuza, umefuta kila kitu. Hakikisha kwanza majina ya diski zako kwa lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL. Inayopokea isiwe ndogo kuliko chanzo hata kwa sekta moja. Kazi ikikatika, ramani huiendeleza ilipoishia, na hilo ndilo linalonifanya niiamini programu hii. Ukarabati wa faili ufanye kwenye nakala tu.

Kuhusu SSD: ya SATA husoma hadi karibu MB 550 kwa sekunde, na tofauti utaihisi tangu kompyuta inapowaka. Ya inchi 2.5 ina unene wa milimita 7. Nafasi ya milimita 9.5 inahitaji fremu ya kujazia. Kwa M.2, ile nyembamba kama kijiti cha ubao, soma mwongozo wa mashine, maana tundu linaweza kukubali SATA pekee au NVMe pekee (aina yenye kasi zaidi) ingawa umbo hufanana. Nyota iliyopungua ni hii: SSD mara nyingi hufa bila kugonga wala kuonya, na TRIM, amri inayoiambia SSD nafasi zipi hazihitajiki tena, ikishapita, faili uliyoifuta kwa kawaida haifufuliwi. Nunua pamoja nayo diski ya nakala rudufu.

Diski ya zamani usiigawe baada ya kuifomati haraka tu, data bado imo. Ikizunguka, ipitishie shred -v -n 1 pamoja na jina lake. Isipozunguka, toboa sahani kwa drili, na uvae miwani: sahani za diski nyingi za laptopu ni za kioo na hupasuka vipande.